Mzigo umekaa forodha siku ngapi kweli? Namna ya kupima mwenyewe

Mimi naagiza vipuri vya cherehani, bobini, mikanda, miguu ya kushonea zipu, vitu vidogo vidogo ambavyo havijazi kontena kwahiyo vinakuja kwa vifurushi, vingi kutoka China na vichache Uingereza. Siku moja nimeenda dirishani posta kuchukua kifurushi nilichokisubiri mpaka mteja wangu kaamua kununua kwingine, nikamwamkia mama aliyekuwa zamu, shikamoo, marahaba, halafu nikaanza kulalamika, forodha hivi forodha vile. Hakubishana na mimi. Akaligeuza boksi akanionyesha karatasi ya forodha iliyobandikwa ubavuni, akasema mwanangu soma tarehe ya huo muhuri. Tarehe 4. Meseji ya kuniita nipeleke invoisi mimi niliipata tarehe 12, na invoisi yenyewe niliipeleka tarehe 17 kwasababu muuzaji alichelewa kuniandikia nyingine. Yaani siku 13 nzima mzigo ulikuwa forodha ndiyo, ila aliyekuwa anashughulika nao hakuna, karatasi ndo ilikuwa inasubiriwa.

Toka siku hiyo napima kila kifurushi. Na nimeona kitu ambacho nataka kila anayeagiza au kutuma mizigo akijue: neno "forodha" tunalitumia kama gunia, kila siku iliyopotea tunaitupia humo, ndege iliyokosa nafasi, posta waliochelewa kuskani, sisi wenyewe tuliochelewa kulipa, wote tunawaingiza humo humo. Ukiwa hujatenganisha huwezi kujua urekebishe wapi wala umlalamikie nani. Nitaelekeza namna ninavyofanya kwa mizigo inayoingia Dar, ukiwa Kenya weka KRA pale nilipoandika TRA (mamlaka ya mapato, forodha iko chini yao) na KEBS pale nilipoandika TBS (shirika la viwango), mengine mengi yanafanana.

HATUA YA 1: CHAGUA NJIA MOJA, USICHANGANYE

Njia siyo "China kuja Bongo" tu. Njia ni nchi inapotoka, nchi inapofika, anayebeba, na aina ya mzigo. EMS, ile huduma ya haraka ya posta, kutoka China ni njia moja, DHL kutoka China hiyo ni nyingine kabisa, kifurushi cha kawaida cha posta nyingine tena. Na nguo usizichanganye na simu, simu zinaweza kuhitaji macho ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), dawa na vifaa tiba vinapita kwa TMDA (mamlaka ya dawa), bidhaa zingine TBS, na hao siyo forodha japo mzigo unakuwa umekaa chumba kile kile. Ukichanganya unapata namba moja ambayo haimhusu mtu yeyote.

Anza na njia unayoitumia zaidi. Vifurushi 5 ni vichache sana kusema lolote la maana, ukifika 20 mpaka 30 kwa njia moja hapo unaanza kuona sura yake. Kama huagizi sana jiungeni watu watatu wanne wa biashara moja mtumie jedwali moja, sisi tulianza hivyo.

HATUA YA 2: HAKIKISHA NAMBA YA KIFURUSHI NI SAHIHI

Inaonekana ndogo ila imeshatuharibia data. Namba za posta za kimataifa zinafuata mpangilio wa UPU, ule umoja wa posta duniani uliopo Bern tangu 1874. Herufi mbili, tarakimu tisa, halafu herufi mbili za nchi iliyotuma. Herufi ya kwanza ikiwa E ni EMS, C ni kifurushi cha kawaida, R ni barua au pakiti ya rejista, na za mwishoni CN ni China, GB Uingereza, TZ sisi, KE Kenya.

Tarakimu ya tisa siyo ya bahati nasibu, inatokana na nane za mbele, kwahiyo unaweza kukagua kama mtu amekosea kunakili. Tuseme namba ni EE123456785CN. Chukua zile nane za mwanzo uzizidishe moja moja kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9, 7, kwa mpangilio huo huo. Hapo unapata 8, 12, 12, 8, 15, 30, 63 na 56, jumla 204. Gawanya kwa 11, inabaki 6. Toa 6 kwenye 11 unapata 5, na kweli tarakimu ya tisa ni 5, namba ipo sawa. (Jibu likija 10 unaandika 0, likija 11 unaandika 5.) Weka hesabu hiyo mara moja kwenye Excel, kuanzia hapo inajikagua yenyewe. Kuna mwenzetu alifuatilia kifurushi cha mtu mwingine wiki mbili kwa sababu ya 6 iliyoandikwa kama 8.

Kampuni za haraka kama DHL, FedEx na Aramex zina namba zao za mtindo tofauti, huko hiyo hesabu haifanyi kazi.

HATUA YA 3: JUA VITUO AMBAVYO SAA YAKO ITASIMAMA

Ukifungua trakingi ya posta unaona maneno mengi, mengine yametafsiriwa vibaya, ila nyuma ya hayo maneno kuna alama za herufi tatu ambazo posta zote zinatumiana. Hizi ndo za kushika kichwani:

EMA – kimepokelewa kwa mtumaji
EMC – kimeondoka kituo cha kutuma nje, kimeiacha nchi yake
EMD – kimefika kituo cha kupokelea vifurushi vya nje, huku kwetu
EDB – kimekabidhiwa kwa forodha ya huku
EME – forodha wamekizuia, kuna kitu wanataka
EDC – forodha wamekirudisha kwa posta
EMF – kimetoka kituo cha kupokelea kinaenda ofisi ya kukupa
EMG – kimefika hiyo ofisi
EMI – umekabidhiwa

Kuna EXA, EXB na EXC pia, hizo ni za forodha ya kule kinapotoka, na watu wengi hawajui hata kama zipo. Mzigo wenye betri za lithiamu unaweza kukwama huko huko kwasababu ndege ina masharti yake kuhusu hizo betri, wewe uko Sinza unasema TRA wamekaa na mzigo kumbe haujapanda ndege.

Angalia sana kati ya EMC na EMD. Hapo katikati ndo ndege, na mara nyingi mzigo unapita nchi ya tatu bila kuskaniwa, kwahiyo unaona kimya siku nyingi. Kimya hicho siyo forodha. Mzigo haujafika, unasubiri nafasi kwenye ndege au umelala kwenye stoo ya uwanja wa ndege wa watu. Kwenye jedwali langu hizo siku zina kolamu yake na siziweki kabisa kwenye hesabu ya forodha.

Kwa kampuni za haraka mambo ni tofauti kidogo, wao wanatuma nyaraka forodha kabla ndege haijatua, kwahiyo utaona shughuli za forodha zimeanza wakati mzigo bado uko angani. Ukipima kuanzia tukio la kwanza la forodha utajaza siku ambazo hazipo. Kwao anzia siku mzigo umefika nchini, labda tukio la forodha liwe limetokea baadaye, basi chukua hilo la baadaye.

HATUA YA 4: SAA, NA HAPA NDIPO WASWAHILI TUNAPOHARIBU

Naomba uisome hii taratibu. Trakingi inaandika 15:40, ambayo ni saa tisa na dakika arobaini alasiri. Mtu mmoja kwenye kikundi chetu anaandika 15:40, mwingine anaandika 9:40 kwasababu kichwani ni saa tisa, wa tatu anaona 03:00 anaandika saa tatu. Hapo jedwali lina tofauti ya masaa sita ambayo huwezi kuiona kwa macho, maana 9:40 nayo inaonekana saa halali kabisa, ya asubuhi! Kubalianeni kitu kimoja, kwenye jedwali inaandikwa saa ya trakingi ya tarakimu 24 kama ilivyo, saa ya Kiswahili tunaongelea mdomoni.

Pili, muda unaoandikwa kwa kawaida ni wa pale tukio lilipotokea. China wako mbele yetu masaa 5. Uingereza wako nyuma masaa 3 wakati wa baridi na 2 wakati wa kiangazi. Kifurushi kilichoskaniwa Guangzhou tarehe 10 saa 02:00, huku kwetu bado ni tarehe 9 saa 21:00. Ukiwa unapima kwa siku tu haisumbui sana, ila ukiwa unapima kampuni za haraka ambazo zinatoa mzigo ndani ya masaa, lazima ubadilishe zote ziwe saa za Afrika Mashariki kabla ya kutoa.

Tatu, skani ya pamoja. Ukiona EMD, EDB na EMF zote zimefuatana ndani ya dakika moja, 10:12, 10:12, 10:13, ujue mtu ameskani yote kwa mkupuo baada ya kazi kuisha. Mzigo haukupita forodha kwa dakika moja. Usifute huo mstari, weka alama tu, na kwenye kolamu ya siku za forodha uache wazi badala ya kuandika sifuri. Hizi sifuri za uongo zinafanya njia ionekane nzuri wakati hatujui kitu.

HATUA YA 5: TENGENEZA JEDWALI, NA MSTARI UANDIKWE SIKU YA KUTUMA

Excel au Google Sheets, vyovyote. Kila kifurushi mstari wake. Kolamu zangu ni namba, njia, bidhaa, thamani iliyoandikwa, tarehe za vituo vyote vya hatua ya 3, halafu zinafuata tarehe ambazo hakuna trakingi itakayokupa, unaziandika kwa mkono wako: siku ulipopata taarifa kwamba kuna kitu kinatakiwa, siku ulipojibu, siku makadirio ya kodi yalipotoka, siku ulipolipa. Mwisho kolamu ya maelezo, hiyo usiipuuze.

Hizo tarehe za mkono ndizo zenye thamani kuliko zote. Meseji ya simu ina tarehe, piga skrinishoti. Barua pepe ina tarehe. Karatasi ina muhuri, ipige picha ikiwa bado imebandikwa kwenye boksi, na uandike pia tarehe WEWE ulipoipata mkononi maana zile ni tarehe mbili tofauti. Makadirio ya kodi ya Tanzania yanakuja na kontro namba (namba ya kulipia serikalini), na ukilipa kwa benki au kwa simu risiti ina tarehe na saa, hiyo ni ushahidi mzuri kabisa. Na piga picha kile kibandiko cha forodha kilichojazwa na mtumaji, CN22 kwa pakiti ndogo za barua za thamani mpaka SDR 300 (SDR ni kipimo cha fedha cha kimataifa), zaidi ya hapo CN23, kwasababu kama kimeandikwa "zawadi" na ndani kuna bobini 500 basi ucheleweshaji unaanzia kwenye hicho kibandiko. Kuanzia 1 Januari 2021 taratibu za UPU zinataka maelezo ya vifurushi vyenye bidhaa yatumwe kwa njia ya kielektroniki kabla mzigo haujafika, kwahiyo kilichoandikwa vibaya kule kinafika forodha kabla ya mzigo wenyewe.

Mstari ufungue siku kifurushi kinatumwa, siyo siku unakumbuka. Watu wakiambiwa walete data wanaleta vile vifurushi vilivyowaumiza, vile vilivyotoka siku mbili vimeshasahaulika, matokeo yake njia nzima inaonekana jehanamu.

HATUA YA 6: KATA MUDA KWA ALIYEUSHIKILIA MZIGO

Hapa ndo moyo wa kazi yote. Nikupe mfano wa kujifunzia, tarehe ni za kutunga ila mtiririko ni ule ule ninaouona.

Alhamisi 15 Mei 2025 kifurushi kinafika Dar. Ijumaa tarehe 16 posta wanakikabidhi forodha. Jumatatu tarehe 19 forodha wanakizuia, wanataka invoisi. Alhamisi tarehe 22 mwenye mzigo anapata taarifa. Jumanne tarehe 27 anapeleka invoisi. Alhamisi tarehe 29 makadirio yanatoka na kontro namba. Ijumaa tarehe 30 analipa asubuhi, na forodha wanaachia siku hiyo hiyo. Jumatano 4 Juni anakabidhiwa mzigo wake.

Toka kufika mpaka kukabidhiwa ni siku 20. Ukiangalia trakingi peke yake utaona kilikabidhiwa forodha tarehe 16 kikaachiwa tarehe 30, unasema "siku 14 forodha". Sasa kata:

Posta: siku 1 kabla ya kukabidhi forodha, na siku 5 baada ya kuachiwa mpaka kukupa. Jumla 6.
Forodha: tarehe 16 mpaka 19, siku 3, na tarehe 27 mpaka 29, siku 2. Jumla 5.
Taarifa ikiwa njiani: tarehe 19 mpaka 22, siku 3.
Mwenye mzigo: tarehe 22 mpaka 27, siku 5, na siku 1 ya kulipa. Jumla 6.

Sita, tano, tatu, sita, ishirini. Zile 14 za trakingi, mikononi mwa forodha zilikuwa 5 tu, na humo kuna Jumamosi na Jumapili. Mwenye mzigo mwenyewe amekula siku nyingi kuliko forodha.

Zile siku 3 za taarifa kuwa njiani nimeziwekea fungu lake kwasababu nimegombana na watu sana kuhusu hizo. Wakala anasema si zangu, posta wanasema si zetu, forodha wanasema tuliandika siku ile ile. Wote wanaweza kuwa wanasema kweli! Ila siku zimepotea, na ndizo rahisi kuliko zote kuziokoa, mara nyingi kilichokosekana ni namba ya simu ya mpokeaji kwenye boksi, au imeandikwa bila 255 mbele, au ni ya muuzaji.

Wazo hili la kukata muda siyo la kwangu, shirika la forodha duniani, WCO, lina mwongozo mzima wa kupima muda wa kuachia mizigo na linasisitiza kuandika kila hatua na kila taasisi inayogusa mzigo. Na makubaliano ya WTO, shirika la biashara duniani, ya kurahisisha biashara, yaliyoanza kutumika 22 Februari 2017, kwenye kifungu cha 7.6 yanahimiza nchi wanachama zipime na kutangaza wastani wa muda wao. Kwahiyo ukienda na jedwali lako huendi kama mtu mkorofi, unaenda na kitu ambacho forodha wenyewe wanakifahamu.

Kama kilichozuia ni TBS au TMDA au TCRA, ongeza fungu la tano. Usiwaweke kwa TRA.

HATUA YA 7: HESABU, ILA WASTANI USIUAMINI PEKE YAKE

Tuseme una vifurushi 11 na siku za forodha ni 2, 2, 3, 3, 3, 4, 4, 5, 6, 9 na 41. Jumla 82, gawa kwa 11 unapata karibu 7 na nusu. Ukimwambia mteja "forodha ni wiki moja" umemdanganya bila kukusudia, maana vifurushi 9 kati ya hivyo 11 vilitoka ndani ya siku 6, ni kile kimoja cha 41 kinachovuta wote.

Chukua namba ya katikati. Zipange kutoka ndogo kwenda kubwa, ya sita kati ya 11 ni 4. Hiyo ndo hali ya kawaida ya njia yako, kwenye Excel ni MEDIAN. Halafu tafuta ndani ya siku ngapi vifurushi 9 kati ya 10 vinakuwa vimetoka, hapa ni 9, kwenye Excel ni PERCENTILE na 0.9. Mimi mteja namwambia hizi mbili, kawaida siku 4, ukiwa na bahati mbaya 9, na akiniuliza zaidi namwambia kipo kimoja kilichokaa 41 na sababu yake hii hapa. Hakuna aliyenikasirikia tangu nianze kusema hivyo.

Siku za kazi nazo uzitoe pembeni. Kuna NETWORKDAYS, inaruka Jumamosi na Jumapili, na ukiipa orodha ya sikukuu inaziruka pia. Kuwa makini, hiyo inahesabu siku ya kuanzia na siku ya kuishia zote mbili, kwahiyo Ijumaa mpaka Jumatatu inakupa 2, toa 1 mwenyewe. Sikukuu ziandike za huku: Muungano 26 Aprili, Saba Saba, Nane Nane, Idi zote mbili, Krismasi. Za kule andika kwenye kolamu ya kuondoka, mwaka mpya wa Wachina na ile mapumziko yao ya kuanzia 1 Oktoba, maana baada ya hapo mizigo inashuka kwa pamoja na foleni ya huku inakuwa ndefu bila TRA kubadilisha chochote.

Nini utumie, siku za kalenda au za kazi? Mteja anasubiri kwa kalenda. Ofisi ipimwe kwa siku za kazi, kumlaumu mtu kwa Jumapili siyo haki.

HATUA YA 8: VIFURUSHI VILIVYOKWAMA USIVITUPE

Hili kosa nimelifanya miezi kadhaa. Nilikuwa nahesabu vilivyotoka tu, nikaona njia inapendeza. Rudi kwenye zile namba 11, kile cha 41 ukikiacha kwasababu "bado hakijatoka" jumla inakuwa 41 kwa vifurushi 10, wastani 4.1. Toka 7 na nusu mpaka 4 kwa kufumba jicho moja! Na vinavyokwama ndivyo vibaya kuliko vyote, kwahiyo kila ukivitoa njia inajipendekeza.

Kifurushi ambacho hakijatoka kiandike "zaidi ya siku 30" au ngapi zozote zilizofika leo, na kihesabiwe kwenye idadi. Uzuri wa namba ya katikati ni kwamba hata kama hujui hicho kitatoka lini, ili mradi zaidi ya nusu vimeshatoka na hicho kimeshakaa kupita hiyo katikati, katikati haibadiliki. Kilichorudishwa kwa mtumaji au kilichopotea kina mstari wake pia, usikiite ucheleweshaji, andika kimerudi au kimepotea.

HATUA YA 9: LINGANISHA KWA VIFURUSHI PACHA

Ukitaka kujua kama tatizo ni njia au ni bidhaa, mwambie muuzaji akufungie boksi mbili za vitu vile vile, thamani ile ile, maelezo yale yale, azitume siku moja kwa njia mbili. Pea 4 au 5 za namna hiyo zinakufundisha zaidi ya vifurushi 40 vya mchanganyiko. Vile vile unaweza kutumia njia moja ukabadilisha karatasi tu, boksi moja limeandikwa "vipuri" na lingine limeandikwa kikamilifu, bobini za chuma za cherehani, idadi, bei ya kila moja, jumla, namba ya HS (ile forodha wanayotumia kutambua aina ya bidhaa), na invoisi imebandikwa nje ndani ya mfuko wa nailoni. Andika ukweli kwenye yote mawili, tofauti iwe ni urefu wa maelezo basi, kushusha thamani siyo jaribio bali ni kosa la kisheria na tena huku kodi inapigwa kwa thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli, wakiona bei haieleweki wanauliza, na swali moja unajua lina siku ngapi ndani yake.

Na sheria zikibadilika chora mstari kwenye jedwali, ya kabla na ya baada usiyaweke kwenye hesabu moja. Wanaotuma vikapu na vitenge kwa ndugu Marekani wanajua, ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa kwa nchi zote 29 Agosti 2025, data ya Julai haikuambii kitu kuhusu Oktoba. Ulaya walibadilisha yao 1 Julai 2021, walipofuta msamaha wa VAT kwa bidhaa zisizozidi euro 22.

HATUA YA 10: PELEKA NAMBA KWA ANAYEHUSIKA

Ukishakata muda, barua inakuwa fupi. Siku nyingi zipo kati ya EMC na EMD, mwandikie muuzaji abadilishe anayebeba. Zipo kwenye EMD mpaka EDB, au baada ya EDC, hao ni posta au kampuni inayokuletea. Zipo kwenye taarifa kuwa njiani, rekebisha namba ya simu kwenye boksi kwanza kabla hujamwandikia mtu. Zipo kwako, weka invoisi kwenye simu tayari na hela ya ushuru pembeni. Zipo kwa forodha kweli, andika forodha, na waandikie hivi: njia, idadi ya vifurushi, kuanzia tarehe hii mpaka hii, siku za kazi za katikati, siku ambazo 9 kati ya 10 vilikuwa vimetoka, namba za vile vitatu vilivyokaa zaidi, na swali moja tu, ni nyaraka gani ingewafanya muachie hivi vitatu siku ya kwanza. Usimtaje ofisa kwa jina na usiseme rushwa kama huna ushahidi, jedwali halionyeshi rushwa, linaonyesha siku.

Mimi barua yangu ilikuwa ya nusu ukurasa na jedwali nyuma. Nilijibiwa na dada mmoja kwa simu, akaniuliza hizi namba tatu za mwisho mbona zote ni mikanda ya mpira, nikaangalia, kweli zote mikanda ya mpira, na muuzaji alikuwa anaiandika "vifaa vya mashine" bila kusema ni mpira wala ni ya nini. Mimi mwenyewe nilikuwa na jedwali miezi saba na sikuliona hilo, kwasababu kolamu ya bidhaa nilikuwa naandika "vipuri". Sasa hivi naandika kila kitu kwa jina lake.